Jina Moja kwa Mdhamini

Hapo zamani, na msinikatishe kuniuliza zamani gani, maana zamani yangu si ya mababu, ni ya siku zile timu yetu ilipokuwa bado inatajwa redioni kila Jumamosi, palikuwa na mji unaitwa Bugandilo. Mji wa pamba. Kinu cha kuchambulia pamba kilijengwa, watu wakaja. Kinu kikafungwa, watu wakabaki. Kilichosalia ni mabati yenye kutu na timu ya mpira, na timu hiyo tukaiita Kinu. Kiwanda kilikufa, jina lake likaendelea kucheza Ligi Kuu.

Niwaambie kwanza Kinu ilikuwaje, nisije nikaonekana nalilia kitu kizuri. Ilikuwa timu mbovu. Seriously. Viungo wetu walikuwa kama ofisi ya serikali saa ya chai: watu wapo, kazi haiendi. Straika wetu alikuwa kama ajira: kila mtu anasema ipo, hakuna aliyeiona. Beki wa kushoto akipanda kushambulia ndiyo kwaheri, harudi, kama vijana wetu wanaokwenda chuo. Mimi nilirudi, na digrii yangu ya takwimu, na statistically nawaambia, ile haikuwa timu, ilikuwa msiba wenye jezi.

Na wengine je? Timu za Dar zinakuja na basi lenye choo ndani, zinatufunga kipindi cha kwanza, kipindi cha pili zinapumzika. Forodha, ile timu ya pwani, ndiyo sitaki hata kuisikia. Wachezaji wake wanaanguka kabla hawajaguswa, wanabebwa kwa machela, halafu hao hao wanainuka kupiga penalti wazima wa afya. Na mashabiki wa Bugandilo nao wana yao: mtu anavaa jezi ya timu ya Uingereza, anakosana na shemeji yake kwa ajili ya kocha asiyejua Bugandilo iko bara gani, siku ya Kinu anasema tiketi ghali. Mnacheka. Mliokaa hapo mmevaa jezi za nani?

Lakini Kinu ilikuwa na kipa. Nkwabi Lushinge. Mrefu, kimya, mikono kama sepetu. Timu nzima ikilala, yeye yuko macho. Tulipata sare ambazo hatukuzistahili, na sare zote zile zilikuwa mikono ya Nkwabi. Nyuma yake, kwenye benchi, alikaa kipa wa akiba, Shija. Huyo tutamfikia.

Basi msimu ukafika mwisho, mechi ikabaki moja, nyumbani, dhidi ya Forodha. Tukitoka sare, tunabaki Ligi Kuu. Tukifungwa, tunashuka daraja. Hesabu haikuhitaji digrii. Na kila mtu alijua kwamba Kinu ikishuka, mdhamini, ile kampuni ya kukamua mafuta ya pamba iliyokuwa inatulipia basi, chakula na mishahara, haitakuwa na sababu ya kuendelea. Kinu isiyo na mdhamini haichezi daraja lolote. Inakuwa mabati tu.

Sasa sikilizeni, maana kosa lilianzia mbali na goli.

Kila timu nchi hii ina kamati ya ufundi. Nyie wote mnaijua, msinifanye nieleze sana. Si ufundi wa kupiga krosi. Ni wazee wanaokwenda kwa mtaalamu, wanarudi na masharti. Ya kwetu iliongozwa na Mzee Sayi, ambaye mji mzima, wazee kwa vijana, tulimwita Guku, babu. Guku alikwenda kwa mtaalamu, akarudi na masharti mawili. Sharti la kwanza: Forodha wamelala mjini, wameshaliroga geti la uwanja, mchezaji wa Kinu asipite getini, timu iingie kwa kuruka ukuta. Sharti la pili: majina ya wachezaji kumi na mmoja yameshasomwa kwa mtaalamu, asibadilishwe mtu mpaka filimbi ya mwisho.

Geti ni la kwetu. Tulilipaka rangi wenyewe. Lakini, kama msimu wote, timu ikashushwa nyuma ya uwanja, mchana kweupe, wanaume wenye mishahara wakaanza kupanda ukuta kama wezi wa kuku.

Nkwabi alikuwa mrefu kuliko wote, akapanda wa kwanza. Hakushuka. Alikaa juu ya ukuta, akawa anawavuta wenzake. Akamvuta winga, akamshusha ndani. Akamvuta kiungo, akamshusha ndani. Akamvuta straika, ambaye kwa uzito wa mabao yake alipaswa kuelea. Wa mwisho alikuwa beki wa kati, jitu la miraba minne. Nkwabi akavuta, beki akapanda, ukuta ukamponyoka Nkwabi. Akaangukia ndani, chali, mkono wa kulia chini yake.

Guku alikuwa pale pale. Alimwona kipa anasimama anaushika mkono kwa mkono mwingine. Akasema kuanguka ni dalili njema, ardhi imeipokea timu. Halafu akaona vidole vya kipa havikunji vizuri. Aliona, akanyamaza.

Nkwabi mwenyewe alijua. Mtu na mkono wake hawafichani. Daktari wa timu alipita na sanduku lake, akauliza nani ana tatizo. Nkwabi akavaa glovu, akaikaza kwa meno. Alijua, akanyamaza.

Wakaingia kupasha misuli. Kocha wetu, Festo Mwakalukwa, mtu wa Mbeya, mwenye cheti cha ukocha na uso wa mtu anayeugua tumbo, akawa anampigia Nkwabi mipira. Nkwabi akidaka wa kushoto anaukumbatia, wa kulia anaupangua kwa kiganja cha kushoto, anapinda mwili kama anacheza ngoma. Kocha akapiga wa kulia tena. Ikawa vile vile. Akaacha kupiga. Aliona, akanyamaza.

Mechi ikaanza. Kipindi cha kwanza Forodha walianguka walivyozoea, refa hakuwapa penalti, nikaanza kuamini kuna Mungu. Tukapata bao, Forodha wamejifunga wenyewe, maana straika wetu hakuhusika. Forodha wakasawazisha kwa shuti la upande wa kulia wa Nkwabi, ambalo siku nyingine angelidaka huku anapiga miayo. Moja kwa moja. Sare. Bado tulikuwa ndani.

Mapumziko kocha hakuvumilia. Timu ilipotoka kurudi uwanjani, alimwambia Shija avae glovu, apashe.

Hapa lazima niwarudishe nyuma kidogo, mjue Shija alikuwa nani Bugandilo. Wiki chache kabla, kwenye mechi tuliyofungwa, Nkwabi alikuwa na kadi, Shija ndiye alitakiwa adake. Asubuhi ya mechi akasema goti linauma. Kwetu mchezaji akiumwa kabla ya mechi kubwa hana ugonjwa, ana hongo. Ndivyo tunavyojua. Jioni yake tawi la mashabiki lilikwenda kambini, likatoa nguo zake, godoro lake na viatu vyake, likavimwaga barabarani. Kiongozi wa tawi hilo alikuwa Holo Mashauri, mama muuza vitenge, mwenye sauti ya kuziba spika. Holo hakukosa mechi hata alipokuwa na mimba ya miezi tisa. Alimpa mwanawe jina la kipa wa zamani wa Kinu. Kama kuna mtu aliyeipenda timu ile zaidi ya mimi, ni Holo, na hilo silisemi kwa kupenda.

Basi Shija akasimama kwenye mstari, akaanza kupasha. Holo akamwona. Hakujua habari ya mkono wa Nkwabi. Kutoka jukwaani alichokiona ni kipa mzima uwanjani na msaliti anapasha ili aingie. Akaweka vidole mdomoni, akapiga mluzi. Tawi likapiga mluzi. Jukwaa likapiga mluzi. Uwanja mzima ukamzomea Shija, na wimbo ukatungwa pale pale wa kumuuliza goti lake linauzwaje.

Shija akavua glovu. Akaketi. Guku naye akatuma mtu benchi kumkumbusha kocha sharti la majina. Kocha akatazama jukwaa, akatazama benchi, akakaa chini.

Mwisho wa mechi mnaujua hata kama hamkuwepo. Dakika zimeisha, refa ameshaangalia saa yake, beki wa Forodha anaupiga mpira mbele ili tu uondoke. Hata si shuti. Ulidunda, ukadunda, ukaenda upande wa kulia. Nkwabi akaufikia. Mkono uliufikia mpira, hilo kila mtu aliona. Vidole ndivyo vilivyofunguka. Mpira ukapita taratibu, kama mtu anayerudi kwake.

Nimefiwa. Najua msiba unavyokuwa. Kule uwanjani ilikuwa vile vile, tofauti yake hakukuwa na chakula.

Watu wakaanza kusema Nkwabi ameuza mechi. Ilianzia jukwaani, ikafika sokoni kabla yake. Hospitali ya wilaya wakampiga picha, mfupa wa kifundo cha mkono umevunjika, wakamfunga POP, ile plasta ngumu. Watu wakasema plasta nayo ameinunua.

Kesho yake mdhamini akaja. Mtu wa kampuni, mstaarabu, miwani ya bei. Akatuita wanachama kwenye lile ghala la zamani la pamba ambalo ndiyo ofisi ya klabu. Tulidhani anakuja kuaga. Akasema hapana, kampuni iko tayari kubaki na Kinu hata daraja la chini, ila wakurugenzi wanataka accountability. Hilo neno nililifanyia mtihani chuo, nikapata A, na sijawahi kukutana nalo mtaani. Maana yake, akafafanua, ni jina moja. Klabu imtaje mtu mmoja aliyesababisha, imfute uanachama na ajira maisha yake yote, jina litangazwe redioni, kampuni itasaini mkataba mpya. Majina mawili hawataki, hayo yataonekana ni mgogoro. Na bila jina, anaondoka na basi.

Na msidhani kazi kama hiyo ni habari ya ajabu. Watu wanakula kwa jina la mwenzao kila siku nchi hii.

Akatoka, akakaa ndani ya gari lake lenye kiyoyozi, mlangoni, injini inaunguruma. Akasema anasubiri. Katibu wetu, dada Nyamizi, akaweka karatasi mezani na kalamu juu yake. Nje watu walishajaa, wanachungulia kwenye matundu ya mabati. Ndani wakaitwa wanne, kila mmoja aseme lake.

Guku akasimama wa kwanza. Alikuwa amevaa kofia ya Kinu, ile ya kijani, akaivua.

"Ukuta niliuamuru mimi," alisema. "Sikatai. Lakini ukuta huo tumeuruka msimu mzima. Tulipowafunga watu wa Dar siku ile moja, nani aliniambia ni upuuzi? Mlinibeba mabegani, mkanizungusha soko zima. Wewe katibu ulinipigia vigelegele. Ushindi wa kamati mnakula wote, sasa hasara nile peke yangu?"

Watu wakakohoa. Mabega yale yalikuwa mle ndani.

Kocha Festo akafuata. Alianza kwa Kiingereza cha vitabuni, mambo ya tactical decision, mama mmoja akamwambia aache kutusomea. Akarudi kwenye Kiswahili. Alieleza kwamba timu aliyopewa haikuwa yake: majina anapangiwa na mtaalamu, mlango anapangiwa na ukuta. Aliuona mkono, ndiyo. Na alimwinua Shija, tofauti na wengine wote alijaribu.

"Ningemwingiza, angedaka huku anatetemeka," alisema. "Angefungwa, mngesema kocha kauza. Mimi nina wenzangu wawili waliotolewa mji huu usiku na polisi kwa sababu hiyo. Nina watoto. Nikakaa chini. Kama kuogopa watu wa Bugandilo ni kosa, basi niandikeni, ila muandike na waliotisha."

Holo hakusubiri kuitwa. Sauti ilikuwa imemkauka kwa kulia, ikatoka ya chini, na sijawahi kumsikia hivyo.

"Mnanitazama mimi," alisema. "Sawa, nilipiga mluzi. Lakini mniambie: Guku alijua kipa ameumia. Kocha alijua. Kipa alijua. Watu watatu wanajua, wote kimya. Mimi peke yangu nilipiga kelele, na mimi peke yangu ndiye nilikuwa sijui. Angesimama mtu mmoja akaninyooshea kidole kile kidogo tu, akasema Holo, mkono umevunjika, ningemwimbia Shija mpaka kooni kutoke damu. Hakuna aliyesema. Sasa asiyejua ndiye awabebee wanaojua?"

Kocha akamuuliza, kwa upole, kama nguo za Shija barabarani nazo hakujua. Holo akakaa.

Akabaki Nkwabi. Alikuwa ameegemea nguzo, POP nyeupe imening'inia shingoni kwa kipande cha kanga. Hakusogea mbele.

"Daktari aliuliza nani ana tatizo," alisema. "Ningenyoosha mkono, mngesema nini? Shija alisema goti. Mlimwaga godoro lake. Mimi nina mama naishi naye, godoro letu ni moja. Nikasema nitadaka kwa mkono mmoja, nimeshadaka timu hii kwa mkono mmoja miaka yote."

Mtu akacheka, akaona wengine hawacheki, akaacha.

"Lakini uwongo ulikuwa wangu. Hakuna aliyenilazimisha kukaza ile glovu. Na mkono huu msimu ujao haudaki, huenda usidake tena. Dada Nyamizi, niandike mimi. Kinu ibaki."

Nyamizi akachukua kalamu. Niliona mabega ya watu yakishuka, kama mzigo umetuliwa. Na mimi langu lilishuka, sisemi uwongo. Jambo lilikuwa limepata mtu wake, tena mtu mwenyewe ameridhia. Kalamu ikagusa karatasi.

Ndipo kelele zikaanza nje. Mtu kwenye tundu la bati alisikia nusu ya maneno, akageuka akawaambia wenzake kipa amekiri. Wakapokezana. Amekiri. Amekiri ameuza. Wimbo ule ule wa goti ukaanza kuimbwa, safari hii goti limekuwa mkono. Mtu akasema twendeni kwa mama yake tukamtolee godoro.

Holo akasimama. Akatazama ukuta wa mabati, akatambua sauti za tawi lake, moja moja. Akamwambia Nyamizi asiandike. Kwamba ukiliandika jina hilo na redio ikalisoma, hakuna atakayesoma kwamba alijitolea. Watasoma kwamba aliuza, na mama yake atazikwa nalo. Guku naye akasema asiandikwe kipa, ila hakusema aandikwe nani. Kocha akasema hivyo hivyo, akakomea pale pale alipokomea Guku. Wote watatu walikubali kwamba si haki kumwandika Nkwabi. Hakuna kati yao aliyesema, niandike mimi.

Nkwabi akasema, bado ameegemea nguzo, "Mnanionea huruma, au mnaniacha?"

Gari likapiga honi. Mtu wa mdhamini alishusha kioo kidogo, akaonyesha saa ya mkononi, akapandisha kioo hewa ya baridi isitoke. Wanachama wakaanza kusema wote kwa pamoja. Wapo waliosema mwandike Guku, ni mzee, hana muda mrefu wa kuumia. Wapo waliosema kocha, ni mgeni, ataondoka na jina lake. Wapo waliosema Holo, atasamehewa kwa kuwa ni mwanamke. Hakuna aliyesema mwandike fulani kwa sababu ndiye aliyekosa. Wapo waliosema kipa ameshasema mwenyewe, mnatafuta nini tena. Na mmoja, kule nyuma, akasema karatasi irudi tupu, basi liende, Kinu ife, kuliko kuishi kwa kumla mtu; wakamwambia aliyesoma akae kimya, kwanza hajawahi hata kulipa ada ya uanachama.

Nyamizi akaunyanyua uso. Honi ikapiga tena, ndefu.

Sasa ninyi mliokaa hapa na jezi zenu za Uingereza, mliozoea kutoa hukumu kabla ya kahawa kupoa, nawapa kalamu ya Nyamizi. Kuna aliyeamuru ukuta na kushangiliwa. Kuna aliyeona na kuogopa. Kuna aliyezomea bila kujua. Kuna aliyeficha ili asidhaniwe mwizi, na sasa anaitwa mwizi. Je, ni nani kati yao aliyestahili kuandikwa? Na kama mtasema hakuna, mkairudisha karatasi tupu na basi likaondoka, basi mniambie: Kinu imeuawa na nani?